Mrija au mtungi? Mwongozo kamili wa kumtazama nguva kwenye maji ya kina kifupi, kwa anayejiandaa akiwa Kisumu

"Mwalimu, mrija ni ya watoto. Mimi nataka unifundishe ile ya mtungi."

Mama mmoja wa Milimani aliniambia hivyo kando ya bwawa ninapofundisha kuogelea, wiki saba kabla ya safari yake ya kwenda kwa dada yake huko Florida, Marekani. Dada alikuwa amemwahidi kumpeleka Crystal River kuwaona nguva. Mama alishaona kwenye simu picha za wapiga mbizi wenye mitungi ya hewa mgongoni, akaamua kwamba huko ndiko kuzamia kwa kweli, kuliko kuelea na mrija wa kupumulia uso ukiwa majini. Nilimwomba akae kwanza tumzungumzie mnyama mwenyewe kabla ya kuvigusa vifaa. Nawe msomaji nakuomba tuanzie hapo, kwa sababu ukishajua nguva anavyoishi, jibu la mrija au mtungi linajileta.

Unamwendea nani

Huku kwetu wengi tunamjua nguva wa hadithi, nusu mwanamke nusu samaki. Nguva wa kweli ni mnyama anayenyonyesha na kula nyasi za majini. Jamaa zake wa karibu walio hai ni tembo na pimbi, hao hao pimbi unaowakuta wakiota jua kwenye miamba ya Hell's Gate. Nguva wa Bahari ya Hindi ana mkia uliogawanyika kama wa pomboo. Nguva wa Florida, pamoja na binamu zake wa Afrika Magharibi na wa Amazoni, ana mkia wa duara uliobapa kama mwiko wa kusongea ugali. Aliyekomaa hufikia urefu wa mita 3 hivi na uzito wa kilo 400 hadi 550, na wako wanaopita tani moja. Ziwa letu la Victoria halina nguva hata mmoja, kwa hiyo anayekuambia amemwona kwenye ufuko wa Dunga amemwona kiboko.

Nguva anapumua hewa kama wewe. Akiwa anakula na kutembeatembea, hutoa pua juu kila baada ya dakika 3 hadi 5. Akilala anaweza kukaa chini hata dakika 20. Kisha huinuka polepole bila kupiga mkia, matundu mawili ya pua yanafunguka, anavuta pumzi moja inayobadilisha karibu asilimia 90 ya hewa ya mapafuni, anashuka tena. Mahali pa hakika pa kukutana naye, basi, ni juu ya maji. Mwenye mrija yuko pale pale tayari.

La pili ni baridi. Ule unene wote si mafuta ya kumkinga. Maji yakikaa chini ya nyuzi 20 za Selsiasi kwa muda, nguva huugua na anaweza kufa. Ndiyo maana kuanzia katikati ya Novemba hadi mwisho wa Machi mamia yao huiacha Ghuba ya Meksiko na kuingia Kings Bay, pale Crystal River, ambako chemchemi hutoa maji ya nyuzi 22 mwaka mzima. Hapo wanalala, wanaota joto, wanatunza nguvu. Ukimshtua mmoja akatoka kwenye joto hilo, ni kama umemwondoa mgonjwa kando ya jiko usiku wa mvua. Jambo hili naomba ulibebe moyoni kuliko yote yatakayofuata.

Tena mwili wake mzima una nywele chache zilizotawanyika, na kila unywele una neva zake. Kwa nywele hizo anahisi maji yanavyosogea. Pigo la pezi lako analihisi kabla hajakuona.

Mtungi unavyokwama penye maji mafupi

Sehemu nyingi unakowakuta nguva wa Florida wamelala, maji yana kina cha mita moja hadi tatu tu. Mtungi wa kawaida wa aluminiamu, ule wa lita 11, una uzito wa kilo 14 hivi ukiwa mtupu. Ongeza jaketi la kuelea, regyuleta (kifaa cha mdomoni kinachokupa hewa ya mtungi) na mkanda wa risasi, yaani vipande vya madini mazito vya kukuzamisha. Kwenye maji ya mita moja na nusu, mtu mwenye mzigo huo ama magoti yake yanalima tope, ama mtungi unachungulia nje ya maji. Tope likipanda, hakuna atakayeona chochote kwa dakika nyingi, na nyasi zinazoliwa na nguva zinang'oka. Baadhi ya nyasi za Kings Bay zimepandwa upya kwa mikono baada ya kutoweka, kwa hiyo goti moja linaweza kuharibu kazi ya miaka.

Kisha kuna mapovu. Kila ukitoa pumzi, regyuleta inanguruma na mapovu yanapanda mbele ya uso wa mnyama. Nguva wengine hawajali, lakini wengi huinuka na kuondoka.

Lililo gumu zaidi ni kuelea. Watu hudhani kina kifupi ni chepesi kwa mtungi, lakini mgandamizo wa maji hubadilika kwa uwiano mkubwa zaidi karibu na juu. Hewa iliyo ndani ya jaketi lako ikipanda kutoka mita 10 hadi juu inakuwa maradufu. Kutoka mita 2 tu, inaongezeka kwa sehemu moja ya tano. Matokeo yake ni kwamba anayeanza hupanda na kushuka kama ndoo kisimani, na mnyama yuko hapo chini yake. Sheria hiyo hiyo inafanya kazi kifuani. Ukivuta hewa ya mtungi kwenye mita 2, ukabana pumzi kisha ukapanda, mapafu yanaweza kupasuka. Kwa mtungi, pumzi haibanwi hata sekunde moja, hata kwenye bwawa la hoteli.

Na sheria za watu nazo zipo. Ndani ya chemchemi za Three Sisters, ambazo ndizo wageni wengi huzitaka, kuzamia kwa mtungi kumekatazwa. Wenye mitungi huenda King Spring, kwenye ghuba hiyo hiyo, ambako kuna shimo lenye pango. Wanachofuata huko ni pango.

Simchukii mtungi. Kwa matumbawe ya Watamu au Diani, mita 12 chini, hakuna kinachoushinda. Ila kwa nguva aliyelala kwenye maji yanayokufika kifuani, ushauri wangu hauna pande mbili: chukua mrija.

Mazoezi, na usiyafanyie ziwani

Nalitanguliza hili kwa sababu kila mwaka nakutana na kijana anayetaka kujaribu miwani yake mpya ufukweni. Ziwa Victoria lina kichocho. Vijidudu hutoka kwenye konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu kwa dakika chache tu, bila maumivu. Lina viboko, lina mamba, na maji yake karibu na Kisumu hayaonyeshi hata vidole vyako. Kama umewahi kuingia, nenda hospitali upimwe. Dawa yake, prazikwanteli, ipo. Mazoezi yako yafanyie kwenye bwawa lenye mwokoaji, basi.

Anza na kuogelea kwenyewe. Kipimo changu ni kile kinachotumiwa na shule za kuzamia: mita 200 bila kusimama, halafu dakika 10 za kuelea bila kushika kitu. Kwenye bwawa la mita 25 hiyo ni mizunguko 4 ya kwenda na kurudi. Hakuna anayekukimbiza, hata ukienda polepole mno. Usipofika hapo, ahirisha vifaa na uendelee kuogelea. Yule mama alichukua wiki mbili nzima kufika, na sikumruhusu kugusa mrija kabla.

Miwani ndiyo inayoharibu safari nyingi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Chagua ile inayofunika macho na pua pamoja. Iweke usoni bila kuvuta mkanda, vuta hewa kwa pua, achia mikono. Ikibaki imeng'ang'ania uso, inakufaa. Ikidondoka, jaribu nyingine hata kama muuzaji anakuambia itazoea. Miwani mipya huja na utando wa kiwandani ndani ya kioo, nao ndio unaoleta ukungu usioisha. Sugua ndani kwa dawa ya meno nyeupe na kidole, suuza, rudia mara tatu au nne. Siku ya kuogelea paka mate ndani au tone la shampuu ya watoto, kisha suuza kidogo tu.

Kina dada wenye rasta au nywele za kusuka, fungeni nywele zote nyuma ya shingo, na muangalie kwenye paji la uso kusiwe na hata uzi mmoja unaopita chini ya mpira. Uzi mmoja huleta maji yote. Kwa kina baba ni sharubu: zipunguze chini ya pua, au paka Vaseline hapo. Mwenye miwani ya macho atafute ya kuzamia yenye lenzi za kipimo chake, na aitafute mapema kwa sababu si kila duka linayo. Ile ya kufunika uso mzima mimi siipendekezi. Maji yakiingia huwezi kuitema kama unavyotema mrija, lazima uivue yote.

Kumbuka pia kwamba chini ya maji kila kitu huonekana kikubwa kwa theluthi moja na karibu kwa robo. Nguva unayemwona yuko mita 3, yuko mita 4. Ukilijua hili hutapaparika akikukaribia.

Sasa mrija. Uwe wa kawaida, wa sentimita 40 hivi. Msidanganyane kuunganisha mirefu, kwa sababu kifua cha binadamu hakina nguvu ya kuvuta hewa ya juu kikiwa kwenye kina kinachozidi hapo, na hewa chafu hubaki humo ndani ukairudia. Simama penye maji ya kiuno, inama, uso majini, pumua kwa mdomo dakika tano bila kuinuka. Pumzi ndefu, polepole. Wengi hupumua kama waliokimbizwa. Subiri, mwili utakubali. Kisha ingiza maji makusudi kwenye mrija na uyapulize yote kwa "tuu!" moja kali.

"Mwalimu, hii mrija inaniletea maji kooni," mama alilalamika siku ya kwanza.

"Usivute mara moja, mama. Ukishapuliza, vuta kidogo kwanza, kama mtu anayeonja chai ya moto."

Siku ya tatu hakulalamika tena.

Usikazane kuvuta pumzi nyingi za haraka ili ukae chini muda mrefu, na usiwaache watoto washindane kubana pumzi. Pumzi za haraka huondoa hewa ukaa mwilini, na hiyo ndiyo inayoupa mwili hamu ya kupumua. Mtu huzimia majini bila kuona dalili yoyote. Kwa nguva, tena, huna sababu ya kushuka.

Kutulia

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Mara ya kwanza nilipokwenda Crystal River nilikuwa mwogeleaji hodari, na uhodari huo ndio ulioniponza. Nilimwona nguva na ndama wake mbele, nikapiga mapezi mara tatu kumfikia. Tope likapanda, mama akageuka, na kivuli kikapotea kwenye maji ya kijani. Watu sita waliokuwa nyuma yangu hawakuona kitu. Bado linaniuma, na tangu siku hiyo nafundisha kutulia kabla ya mwendo.

Zoezi ni hili. Lala kifudifudi juu ya maji, mikono umeikunja chini ya kifua, miguu imenyooka na kuachana kidogo. Usifanye chochote kwa dakika 15. Miguu ya wengi huzama, hasa wanaume wakondefu, na hapo mtu huanza kupigapiga. Dawa yake ni kipande kirefu cha sponji kile cha watoto, ukipitishe chini ya kifua au chini ya vifundo vya miguu. Waongozaji wa Crystal River nao hugawa hicho hicho. Maji ya bwawa letu hayana chumvi, kwa hiyo ukiweza kuelea hapa, bahari yenye chumvi itakubeba bila taabu.

Ukitaka kusogea, tumia ncha za vidole tu, kama unayepangusa vumbi mezani. Mapezi mimi huyaacha kwenye mashua. Ukilazimika kuyavaa, piga kutoka nyongani kwa upole, ncha zisitoke nje ya maji, na usisimame wima hata mara moja, maana visigino vyako ndivyo vinavyofuka tope.

Mwombe mtu akutazame kutoka ukingoni. Akiona viwimbi vikikuzunguka, bado hujatulia.

Baridi ya nyuzi 22 na mtu wa Kisumu

Nyuzi 22 kwa masikio ni kama mzaha. Kwa mwili uliozoea joto la Kisumu, nusu saa bila kusogea kwenye maji hayo inatosha kukutetemesha, na anayetetemeka hatulii. Kodi suti ya mpira ya milimita 5 huko huko, na kofia yake kama ipo. Suti hiyo pia inakuelesha, na ndiyo sababu hupaswi kuvaa mkanda wa risasi juu yake. Aliye Nakuru, ambaye bwawa lake la asubuhi huuma meno, ana faida hapa. Aitumie kwa kufanya mazoezi asubuhi. Na hewa ya nje alfajiri ya Januari inaweza kuwa na baridi kuliko maji, kwa hiyo beba sweta nzito na soksi za kuvaa ukitoka.

Siku yenyewe

Chagua mashua ya kwanza, ya alfajiri, kabla maji hayajachafuliwa na makundi. Kabla ya kupanda utaonyeshwa video fupi ya adabu kwa nguva. Itazame kwa makini, kwa sababu kumsumbua nguva ni kosa la jinai huko. Wanalindwa na sheria za mwaka 1972, 1973 na 1978. Maeneo yaliyozungushiwa kamba na maboya ni ya nguva peke yao. Usiingie, hata kama wamejaa humo na nje hakuna mmoja.

Shuka majini kwa ngazi, polepole, usiruke. Lala, kunja mikono, subiri. Usimkimbilie, usimzunguke, usipite kati ya mama na ndama, usimpe chakula wala maji ya bomba. Aliyelala chini mwache alale, na usikae juu yake, maana hapo ndipo atakapopitia kuja kupumua. Akikujia mwenyewe, na wapo wanaokuja kuchunguza mpaka pua inagusa miwani, wewe baki ulivyo. Mikono iendelee kukunjwa. Kamera iwe ndogo, imefungwa kwenye kifundo cha mkono, na taa yake umeizima.

Mama wa Milimani alinitumia ujumbe wa sauti akiwa bado kwenye mashua. Alikuwa ametulia karibu dakika 20 bila kuona kitu isipokuwa majani, mwongozaji akamwita waende kwingine, akakataa kwa kidole. Ndipo kitu alichodhani ni mwamba kilipoanza kuinuka. "Mwalimu, nilimsikia akipumua. Pfuuh! Kama ng'ombe zizini usiku." Alilia, naye hakuficha.

Wa karibu na nyumbani

Florida ni mbali na ni ghali. Misri iko karibu zaidi: kwenye ghuba ya Abu Dabbab, karibu na Marsa Alam kwenye Bahari ya Shamu, nguva wa aina yetu hula nyasi kwenye maji ya mita chache, na mwenye mrija humtazama kutoka juu. Kanuni ni zile zile, ila hapo maboti na watu ni wengi, kwa hiyo umbali wako uwe mkubwa zaidi.

Kwetu Kenya nguva wamebaki wachache sana, hasa upande wa Lamu na hifadhi ya bahari ya Kiunga. Mwaka 2022 nguva wa Afrika Mashariki waliwekwa kwenye orodha ya walio hatarini kabisa kutoweka, wakikadiriwa kuwa chini ya 250 waliokomaa katika pwani yote. Nyavu zimewamaliza, na nyasi za bahari zinapungua. Huko Florida nako, mwaka 2021 walikufa zaidi ya 1,000, wengi kwa njaa baada ya uchafu wa maji kuua nyasi zao. Kwa hiyo usipange safari ya Lamu ili uogelee na nguva. Ukibahatika kumwona kutoka kwenye mashua, zimeni injini, mtazameni, kisha toeni taarifa kwa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya.

Ukiwa bado unautaka mtungi

Utake kwa ajili ya matumbawe. Kozi ya kwanza huchukua siku 3 au 4, kuanzia umri wa miaka 10, na Diani, Watamu na Mombasa kuna shule. Ila kuna jambo ambalo sisi wa bara tunalisahau. Ukizamia kwa mtungi, naitrojeni hubaki mwilini kwa saa nyingi, na kupanda mlima kabla haijatoka ni sawa na kupanda ndege: unaweza kupata ugonjwa wa mapovu kwenye viungo na neva. Basi la usiku la Mombasa–Kisumu linakutoa usawa wa bahari, linakupitisha Nairobi, linavuka mita 2,000 pale Limuru, linashuka Nakuru kwenye mita 1,850 hivi, linapanda tena Mau, ndipo likufikishe Kisumu iliyo kwenye mita 1,131. Ukizamia mara moja tu, kaa pwani angalau saa 12 kabla ya kuondoka. Ukizamia siku kadhaa mfululizo, kaa angalau saa 18. Mimi hulala usiku mmoja zaidi na kupanda treni siku ya pili. Aliyetumia mrija tu, akabaki juu ya maji, anaweza kuondoka jioni ile ile.